Kabla Sijakalia Mkeka Wako

Kalemie, Jumamosi, baada ya salongo

Lumbwe, ndugu yangu,

Kesho asubuhi, watu wakitoka misa, wajomba zako watanikalisha kwenye mkeka mbele ya nyumba ya mama yako, wanipake chokaa nyeupe usoni, wanipe jina lako. Nimeona nikuandikie leo, kabla ya hapo. Usicheke. Najua unavyocheka, unaanzia puani. Utasema Mukalay na kalamu wapi na wapi, mkono ule wa kubebea marobota ya pamba. Lakini wenzangu wamekwenda kuoga ziwani, maana salongo ya leo, kazi ya umma ya kila Jumamosi, ilikuwa kufyeka majani nyuma ya magoli, na mimi nimebaki peke yangu kwenye ngazi za uwanja na karatasi niliyomwomba karani wa kiwanda. Sina haraka. Mechi ni kesho alasiri, saa chache baada ya mkeka. Tunacheza na Kabalo.

Ndiyo, Kabalo. Wale wale.

Nianze na habari, maana ulikuwa huwezi kula bila kusikia habari. Timu ipo. Kiwanda bado kinatuajiri vile vile, asubuhi ghalani, jioni mazoezi, na msimamizi bado anadhani wachezaji ni wavivu waliopewa kibali. Rais wa timu ameshona suti mpya ya abakosi, ya kijivu, na kitambi kimepata mahali pa kupumulia. Papa Senga, kocha wetu, amenunua miwani, lakini uwanjani anaificha mfukoni ili waamuzi wasije wakamwambia kwamba haoni. Mvua ilibomoa ukuta wa upande wa soko, kwa hiyo siku ya mechi mbuzi wanaingia kabla ya watu. Ndagala ziwani ni nyingi mwezi huu, mji mzima unanuka.

Na jezi yako imevaliwa. Hili sikutaka kuliandika, ila huwezi kulielewa jambo la kesho bila hili. Walipotoka kukuzika, viongozi wakakumbuka kwamba timu ina seti moja tu ya jezi, basi wakaifua namba tano na kumpa Kalenga. Humjui Kalenga. Ametoka Zongwe, alikuwa mvuvi kule, ana mke na watoto, mtu mtulivu mwenye miguu mirefu. Anaruka vizuri. Nikimtazama kiuno, na wewe unajua mimi mtu namtazama kiuno kwanza, naona si mtu wa kudanganyika kirahisi. Lakini wakamvalisha kabla ya kilio kwisha, kabla ya familia kukaa na kusema nani anashika mahali pako. Mjomba wako mkubwa alipomwona uwanjani amevaa tano, aliondoka kabla ya mapumziko. Alisema mlangoni, "Mumevalisha muntu nguo ya mwenyewe, na mwenyewe hamukumuuliza." Rais wa timu akajibu kwamba jezi ni mali ya timu. Wote wawili walikuwa na haki, na hapo ndipo matata yalipoanzia.

Jezi ile ilinishtua kwa sababu nyingine pia. Nilikuwa siijui. Fikiria, miaka yote tuliyocheza pamoja, mimi mbele na wewe nyuma yangu, mgongo wako niliuona mara ngapi? Watu walikuwa wananiambia, Lumbwe jana alicheza, Lumbwe alimsoma yule mshambuliaji kama sala, na mimi naitikia kwa kichwa tu. Mchezo wako sikuuona, niliusikia. Kiatu chako kwenye changarawe. Pumzi yako. Ile dawa ya kuchua uliyokuwa unajipaka hadi macho yanitoke machozi. Na sauti.

Unakumbuka ulivyomweleza mama yako kazi yetu, siku ile alipouliza kwa nini timu inahitaji watu wawili kufanya jambo moja? Alikuwa anasonga bukari, wewe ukachukua vijiko ukavipanga chini. "Mama, Mukalay njo anaenda kukutana na mugeni ku barabara. Miye nabaki ku mulango. Mugeni akimupita Mukalay, ananikuta." Mama yako akasema basi Mukalay ndiye anayechoka zaidi, apewe nyama kubwa. Ulinuna jioni nzima. Lakini hakuna mwalimu wa mpira aliyeeleza vizuri kuliko vile. Stopa anamwendea mshambuliaji, anamgonga, anaruka naye. Libero anabaki nyuma kufagia. Na stopa hawezi kumwendea mtu kwa moyo wote kama hajui kwamba mlango una mwenyewe.

Kwa hiyo ulikuwa unasema. Mwanzoni, tulipokuwa tunacheza na timu ya vijana kule karibu na bandari, nilikuwa nageuza kichwa kila saa kuangalia kama upo, na kila nikigeuza mtu anapita. Ukanivuta sikio, kweli kweli, mbele ya watu. "Usigeuke! Miye nitakuambia. Ukisikia niko, nenda." Basi ikawa hivyo. Niko, nami naenda. Niko, naruka. Usiposema, nabaki mahali pangu. Kwa neno hilo moja kiwanda kilituajiri, kwa neno hilo tulichaguliwa timu ya mkoa, tukaenda Lubumbashi tukacheza mbele ya watu ambao makelele yao yalinifanya nisisikie tumbo langu mwenyewe, lakini wewe nilikusikia.

Ni kule Lubumbashi mjumbe wa timu kubwa alikuja kambini kukutafuta wewe. Wewe peke yako. Nilikuwa nimeketi pembeni nafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Alikuahidi nyumba, kazi ya ofisini, viatu vipya. Ukamsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, ukamwonyesha mimi kwa kidevu. "Na huyu, mugongo yake nani ataiangalia?" Mjumbe alidhani unatania. Kwenye treni ya kurudi nilikugombeza, nikakuita mjinga, nikakwambia mtu haachi bahati kwa ajili ya kichwa kama changu. Ulilala. Ulijifanya umelala. Sijawahi kukushukuru kwa siku ile, na sitaki kuanza leo, nitashindwa kumaliza karatasi.

Sasa niseme kuhusu treni nyingine.

Tumbo lilikuuma tangu asubuhi ya mechi. Ulisema ni mihogo ya Kabalo, kwamba hata mihogo yao inacheza rafu. Ulicheza mpaka mwisho, ile kona ya mwisho uliitoa wewe kwa kichwa, tukashinda kwao na wakatupigia makofi, jambo ambalo Kabalo hawalifanyi. Kesho yake ndani ya treni hukuimba. Wenzetu walikuwa wanaimba behewa zima, na wewe umejikunja dirishani unatoka jasho. Halafu treni ikasimama porini, kabla ya Nyunzu. Kichwa chake kilikuwa kimeharibika, wakasema tungoje kingine kije. Pale tulipongoja palikuwa na jua na panzi tu. Tulikuvua shati, tukakupepea kwa jezi. Papa Senga, mzee wa watu na visigino vyake vibovu, akashuka akafuata reli kwa miguu kwenda kutafuta muuguzi.

Nilikuwa nimekulaza kichwa pajani. Uso wako ulikuwa umegeuka rangi, nikaogopa. Nikaita, Lumbwe? Ukajibu, "Niko." Haikuwa sauti ya mgonjwa. Ilikuwa ile ya uwanjani, ile ya kuniambia nenda. Nikaita tena. Nikaita mpaka Papa Senga alipofika na muuguzi, akaniziba mdomo kwa kiganja chake.

Kalemie walikuwa wamepata matokeo tu. Hilo lingine hakuna aliyewapelekea. Tulipoingia stesheni kulikuwa na ngoma, na waimbaji wa chama wamevaa vitenge, na watoto wamepanda juu ya mabehewa ya mizigo. Ngoma hazikunyamaza mara moja, zilikufa moja moja, za nyuma zikaendelea kwa sababu hawakuona. Mama yako alikuwa mbele kabisa na kitambaa cheupe mkononi. Nilishuka. Unajua kwamba siku zote nilikuwa nashuka mimi kwanza na wewe unafuata. Basi hakunitazama. Alitazama nyuma yangu.

Macho yale nayaona mpaka leo, hata sasa hapa ninapoandika.

Wewe ukarudi wiki ile ile. Au sijui niseme vipi, sauti yako ikarudi. Mara ya kwanza nilikuwa navuka daraja la Lukuga natoka kazini, mchana kweupe, watu wamejaa, na nyuma ya bega langu la kushoto, pale pale ulipopenda kusimama, nikasikia, niko. Nikasimama. Mama mmoja mwenye beseni la mihogo akanigonga, akanitukana vizuri sana. Sikugeuka, ulinifundisha vizuri. Nikaendelea kutembea, na nikasikia changarawe nyuma yangu hadi nyumbani.

Nikuambie ukweli? Nilifurahi. Nikaanza kutembea polepole ili uniwahi. Ghalani nilikuwa nachagua kazi za pembeni, mahali ambapo nyuma yangu hakuna mtu, ili nafasi yako ibaki wazi. Wenzangu wakaanza kunitazama. Nilikuwa nakula kwa kuacha kidogo kwenye sahani. Nilikuwa nikinyamazishwa na watu nanyamaza, lakini rohoni nasema, hawajui, yeye yupo, wao ndio wamemzika.

Halafu ikaja mechi ya hapa nyumbani, ya kwanza tangu kilio. Timu ya bandari. Kalenga nyuma na tano yako, mimi mbele. Mpira mrefu ukatoka upande wa ziwa, mshambuliaji wao akaja kuupokea, na mimi nikawa nimesita, maana Kalenga hasemi kitu, tangu mechi ianze hajasema kitu. Ndipo nikasikia. Niko. Karibu kabisa, na pumzi yako. Nikaenda kwa moyo wote, Lumbwe, niliruka vizuri kuliko nilivyowahi kuruka maishani. Yule mtu akaupitisha mpira chini ya kiatu changu, mwenzake akaukimbilia, na pale nyuma hapakuwa na mtu. Kalenga alikuwa mbali upande wa pili akimfuata winga. Goli. Kwenye ngazi mtu mmoja akacheka.

Nilimfuata Kalenga nikiwa na hasira. Nikamshika shingo ya jezi. Kwa nini unasema niko na wewe huko? Akajibu, "Mukalay, miye sikufungula kinywa. Haki ya Mungu. Toka nimevaa hii mayo ya namba tano, naogopa kusema."

Tukasimama pale tukitazamana wote wawili na mwamuzi anapiga filimbi turudi mchezoni. Nilimwachia jezi. Nadhani yeye alielewa kabla yangu.

Papa Senga akaniweka benchi. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Mjini wakasema mengi. Kwamba umenikasirikia. Kwamba ninatembea na wewe mfukoni. Viongozi wakataka kuniitia mganga, yule wa kurusha mayai golini, nikakataa. Mganga wa nini? Mganga angekufukuza, na mimi sikutaka ufukuzwe. Afadhali benchi na wewe nyuma yangu kuliko uwanja bila wewe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nafikiri. Nilikuwa nakonda, mashavu yameingia ndani, na nilikuwa naona ni sawa.

Mama yako ndiye aliyenijia. Nilikuwa nimekwepa nyumba yake, siku nyingi, kwa sababu ya macho yale ya stesheni. Akaja yeye mwenyewe kiwandani saa ya kutoka, na karai lake tupu la ndagala kichwani, akaniambia twende. Nikamfuata. Nyumbani akanipa kiti chako, akanipa maji, akauliza moja kwa moja, "Wanasema unamusikia." Nikasema ndiyo, mama. "Anasema nini?" Nikamwambia.

Aliweka mkono kifuani. Nilidhani atalia, hakulia. "Ata miye, njo vile ananiambia. Ku mulango, saa ya bukari. Alikuwa akitoka ku mupira anasema, Mama, niko. Sasa naweka sahani, namusikia, nafungula mulango. Hakuna muntu. Nafunga. Nakula peke yangu, namusikia tena."

Nilimtazama yule mama mdogo na mlango wake wa mabati, nikajiona mwizi kidogo, kwamba nilidhani wewe ni wangu peke yangu.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Kwamba hana jina. "Mbele nilikuwa Mama Lumbwe. Ku soko, ku kanisa, kila mahali Mama Lumbwe. Sasa watu wanaogopa kulitaja. Wananiita mama tu. Mama wa ndagala. Jina yangu ilikufa na yeye mu treni." Akasema wajomba wamekaa. Kwamba mtoto wa dada yako, ambaye ndiye angekaa mahali pako, ni mchanga, bado ananyonya, na hukuacha mke wa kurithiwa, kwa hiyo mzigo si mzito. Kwamba mjomba mkubwa amesema mtu hafi akaacha kiti kitupu, kiti kitupu ndicho kinachopiga kelele. Wanataka wafanye kupyana, mtu akae mahali pako, aitwe Lumbwe, ayamalize uliyoyaacha njiani, na wewe upumzike. Na yeye mama yako amewaambia hataki mtu mwingine. Mjomba mmoja alibisha kwamba mimi si wa ukoo, mimi ni Muluba, asili yangu Kabalo, tena mla mihogo yao. Akamjibu, "Jasho yao ilikuwa moja. Ukoo gani tena?"

Sikukubali, Lumbwe. Nisamehe. Nilikunywa yale maji nikasema nitafikiri, nikatoka haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Nilijua maana yake. Mwenye kukaliwa mahali pake harudi tena. Akishapata mtu wa kuitika jina lake, ananyamaza. Wao walitaka unyamaze, na mimi nilikuwa sitaki. Usiku na mchana nilikuwa nabishana nao peke yangu. Nilisema, mama yangu mimi alikwenda zamani, nimezoea, lakini huyu hapana, huyu sitamtoa tena mara ya pili.

Ila Alhamisi.

Alhamisi Papa Senga alinitoa benchi kwenye mazoezi. Hakuwa na mtu, stopa mwingine ana malaria. Akasema tugeuze, Kalenga aende mbele awe stopa, mimi nikae nyuma, libero, mahali pako. Sikuwahi kusimama pale. Uwanja ni mwingine kabisa ukiwa pale. Unaona migongo ya watu wote. Nikaelewa ulichokuwa unaona, wote kumi wanakuachia migongo yao na hawana wasiwasi.

Kalenga alinigeukia mara moja akaniuliza kwa macho. Nikamwambia cheza. Mpira ukapigwa juu, wakawa wanaukimbilia, yeye na mshambuliaji, na yeye akasubiri neno. Mimi pia nilikuwa nasubiri. Unaelewa? Nilikuwa nimetega sikio nyuma yangu, kwenye goli, nakusikiliza wewe. Ukasema, niko. Ukasema vizuri kabisa. Lakini uliniambia mimi, na Kalenga hakusikia kitu. Basi akageuza kichwa kuangalia kama nipo, kama nilivyokuwa nafanya zamani, na yule mwingine akamgonga kwa kichwa juu ya jicho.

Palipasuka hadi mfupa ukaonekana. Damu ilishuka kwenye tano yako yote. Nilipiga magoti karibu naye na kitambaa, nikawa namwita. Alikuwa anaona nusu nusu, lakini alinishika mkono kwa nguvu, mkono wa mvuvi, akasema, "Mukalay, unamusikilizaka nani? Muntu wako niko hapa mbele. Miye niko muzima."

Nikambana kitambaa juu ya jicho. Mke wake alikuja akamchukua na mtoto mgongoni, akanisalimia kwa adabu, hakujua. Walimshona pale zahanati, na amesema kesho anacheza, wafunge kitambaa tu.

Nililia njia nzima, ndugu yangu. Nililia waziwazi, katikati ya soko, jitu zima. Na wewe nyuma ukisema, niko, niko. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na hasira nawe. Nilitaka kukuambia, nani amekuomba? Kisha nikakumbuka kwamba ni mimi. Nimekuwa nakuomba kila siku. Wewe na uaminifu wako wa kijinga, uliyemkatalia mjumbe wa Lubumbashi, ungewezaje kuondoka na mimi nakutegea mgongo? Ungebaki hapo hadi Kalenga apoteze jicho na mama yako afe akifungua mlango. Si wewe unayenifuata. Ni mimi niliyekushika.

Nikaenda kwa mama yako na macho mekundu hivyo hivyo. Nikamwambia nimekubali. Akasema, "Kula kwanza."

Kwa hiyo ni kesho. Padri hakubisha, alisema tu tupite misa kabla. Mjomba mkubwa ndiye aliyetaka iwe asubuhi, kabla ya mechi, anasema maiti asichezee timu mbili. Watanipa maji katika kikombe chako cha bati, kile chenye mpini uliovunjika. Mama yako ataita jina lako kwa sauti, mbele ya watu wote, na mimi nitaitika. Kisha wataanza kumwita tena kama zamani. Wadogo zako wataniita kaka, yule wa mwisho ameshaanza, ananiomba baiskeli. Alasiri nitavaa tano, imefuliwa lakini damu ya Kalenga haikutoka yote. Kalenga atakuwa mbele yangu na kitambaa kichwani.

Naogopa. Nakuambia wewe, kwa kuwa hutamwambia mtu. Siogopi Kabalo. Naogopa ile dakika mpira utakapopigwa juu na nyuma yangu hakuna kitu, kipa tu, na wavu, na ziwa. Naogopa kimya kile. Wewe ulikuwa unasimama pale kila Jumapili na nyuma yako hakukuwa na mtu wa kukuambia neno, na hukuwahi kulalamika, na mimi sikuwahi kuuliza kama unaogopa.

Nakuahidi nitasema. Kila mpira nitasema, hata sauti ikikauka, hata tukiwa tumefungwa. Kalenga hatageuza kichwa tena kwa sababu yangu. Na mama yako hatakula peke yake. Nitakula bukari yake hata siku ndagala zimeungua, na nyama kubwa nitamrudishia yeye.

Nimesikia wenzangu wanarudi kutoka ziwani, wanaimba. Nimalize. Barua hii nitaikunja ndogo, niiweke chini ya mkeka, niikalie. Ndiyo ya kwanza na ndiyo ya mwisho, Lumbwe. Kuanzia kesho, wakiniita kwa jina lako na mimi nikaitika, nitakuandikia nani? Mtu hajiandikii barua.

Nenda, ndugu yangu. Usiningoje. Ukifika huko na kuulizwa umemwacha nani, waambie umeacha mtu mahali pako. Nimekupenda sana. Haya, nenda.

Leo bado naandika kwa jina langu, lisome vizuri:

Mukalay, aliyekuwa mbele yako.